JE, UMEWIN AU UMESHINDA?

Somo la vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma pamoja: Mathayo 18:15, 1 Wakorintho 9:19-25, Ufunuo 3:21

Chukua Biblia yako, chukua kalamu, na ikiwezekana mwite jirani mkae pamoja.

UTANGULIZI

Jumapili moja baada ya ibada, kijana wetu mmoja wa bodaboda alinivuta kando pale mlangoni, akanionyesha simu yake. Uso wote kicheko. "Pastor, nimewin!" Alikuwa ameweka shilingi 100, akaletewa 4,000. Akatoa fungu la kumi hapo hapo. Nami, nisiwafiche, nilimwekea mkono kichwani na kumbariki haraka haraka, kwa maana watu walikuwa wananingoja. Sikumuuliza amewin nini, wala kwa njia gani.

Miezi miwili baadaye alikuja tena, siku ya kazi, kwa miguu. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na wenyewe walikuwa wameshaichukua. Pesa ya malipo ya kila siku ilikuwa imeingia kwenye simu, mia mbili leo, mia tano kesho, akitafuta "win" nyingine ya kurudisha ile iliyopotea. Mtoto alikuwa nyumbani, amerudishwa kwa karo. Kijana akaniambia neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Pastor, si ni wewe uliniambia nimebarikiwa?"

Wapendwa, lilinichoma. Niliona kwamba neno moja dogo la Kiingereza limeingia midomoni mwetu, limeingia hata madhabahuni, na hatujakaa chini kulichunguza. Tunasema "I am a winner". Tunabandika kwenye matatu na tuktuk. Tunawaita watoto Victor, Victoria na Winnie. Vizuri! Lakini tunamaanisha nini? Wiki hii tulichunguze neno hilo, maana ukikosea maana ya ushindi utashangilia siku ya kushindwa kwako.

1. NENO HILI LILITOKA WAPI?

"Win" ni neno la zamani sana. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa "winnan". Na halikuwa neno la bahati hata kidogo. Maana yake ilikuwa kufanya kazi kwa bidii, kuhangaika, kupigana, kustahimili taabu. Mtu aliyekuwa shambani anang'oa visiki alikuwa yuko katika "winnan", hata kabla hajavuna debe moja la nafaka.

Miaka ilivyosonga, neno likahama polepole. Likatoka kwenye jasho likaenda kwenye kile kinacholetwa na jasho: kupata, kuchuma. Baadaye likashika sana upande wa mashindano: kumpita mwenzako na kuchukua zawadi. Na leo kwenye simu zetu limefika mahali ambapo hakuna jasho kabisa. Unabonyeza, unangoja, ama umewin ama umeliwa.

Lakini Kiingereza chenyewe bado kimebaki na ushahidi wa zamani. Yule mtu anayelisha nyumba, ambaye bila yeye sufuria haiendi motoni, Waingereza humwita "breadwinner". Angalia vizuri: ndani ya neno hilo yumo "winner". Lakini huyu winner hajacheza na mtu. Hajamshinda mtu. Hakuna aliyelia ili yeye acheke. Ameamka saa kumi alfajiri akakanda unga wa mahamri, akachemsha mbaazi za nazi, akatoka na karai lake mpaka stejini. Jioni amerudi na mkate wa watoto. Huyo ndiye mwenye neno hilo kwa maana yake ya kwanza.

Sasa linganisha na ule mchezo wa simu. Ili mmoja awin, lazima wengi wapoteze, na mwenye mchezo amekata chake kwanza. Ile 4,000 ya kijana wetu haikushuka kutoka mbinguni. Ilitoka mifukoni mwa vijana wengine wa bodaboda, wengine huenda ni wa steji hiyo hiyo, ambao watoto wao pia walikuwa wanangoja karo. Ndiyo nami nikaiombea baraka! Mungu anisamehe.

2. KISWAHILI CHETU KINA SIRI

Sisi tuna neno letu, "kushinda", na mpendwa, neno hili lina utajiri ambao Mwingereza hana.

Kwanza, kushinda ni kumzidi nguvu adui au mpinzani. Hapa ndipo tunapopiga kelele kwenye maombi ya usiku, "Shindwa! Shindwa katika jina la Yesu!" Amina. Hiyo ni sawa, maana adui yupo na ni lazima ashindwe. Shida ni kwamba wengine wetu tukitoka kwenye kesha tunabeba ile "shindwa" mpaka nyumbani, tunamwambia mke, tunamwambia mume, tunamwambia mama mkwe. Mtu wa nyumbani kwako si pepo, ndugu yangu. Jifunze kutofautisha.

Pili, kushinda ni kukaa mahali mchana kutwa. Jioni mtu akikukuta anakuamkia, "Umeshindaje?" Hakuulizi umempiga nani. Anauliza, siku yako yote, kuanzia jua kuchomoza mpaka sasa, umeipitaje? Wavuvi wetu wa Malindi na Watamu wanashinda baharini. Ndugu zetu wa Gongoni na Marereni wanashinda kwenye mashamba ya chumvi, jua la utosi, miguu ndani ya maji makali. Mgonjwa anashinda kitandani. Na miaka ya ukame kule Ganze na Magarini, kuna nyumba zimeshinda njaa, na jioni bado wakakusanyika wakaimba na kuomba.

Neno ni lile lile! Yule aliyemwangusha adui ameshinda, na yule aliyekaa mahali pake mpaka jua likatua ameshinda. Wazazi wetu walipotuachia lugha hii walituachia mahubiri ndani yake: kuna ushindi wa kupiga, na kuna ushindi wa kukaa. Huu wa pili hauna kelele, hauna jezi, hakuna anayekupigia makofi. Lakini wengi wetu humu kanisani ndio tunaouhitaji.

Ona jinsi "winnan" ya Kiingereza cha kale na "kushinda" yetu zinavyokutana. Zote mbili zinajua taabu na kustahimili. Ni sisi wa leo tuliotaka ushindi usio na mchana, ushindi wa dakika moja.

3. BIBLIA INATUMIAJE NENO HILI?

Hapa fungua Biblia, usinisikilize mimi tu.

Ukichukua Biblia ya Kiingereza na ya Kiswahili, uziweke pamoja, utaona jambo la kushangaza. Pale ambapo Kiingereza kinasema "win", mara nyingi Kiswahili hakisemi kushinda. Soma Mithali 11:30 katika ile tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611: mwenye hekima ana-win roho. Biblia yetu ya Union inasema huvuta roho. Soma 1 Petro 3:1, habari ya mke aliyeokoka na mume ambaye bado hajaamini. Kiingereza kinasema mume awe "won". Kiswahili kinasema avutwe, tena kwa mwenendo, bila maneno mengi. Soma Wafilipi 3:8. Kiingereza, Paulo anataka ku-win Kristo. Kiswahili, anataka kumpata. Nani angethubutu kusema amemshinda Kristo?

Kisha njoo 1 Wakorintho 9:19-22. Paulo anaeleza jinsi alivyojifanya mtumwa wa watu wote, kwa Myahudi kama Myahudi, kwa mnyonge kama mnyonge. Tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zimeweka "win" pale. Kiswahili kimeweka kupata. Paulo hakuwa anatafuta kuwashinda watu kwa hoja. Alitaka kuwapata. Na ili awapate, alikubali kushuka.

Mathayo 18:15 ndiyo inayofunga mlango. Bwana Yesu anasema ndugu yako akikukosea, nenda kwake, wewe na yeye peke yenu, umwambie. Akikusikia, hasemi umemshinda. Anasema umempata. Mpendwa, pigia mstari neno hilo. Kwa ndugu, ushindi ni kumpata.

Sasa je, Biblia haina kushinda kabisa? Iko! Kigiriki kina neno "nike", maana yake ushindi, ndilo hilo limeandikwa kwenye viatu vya michezo tunavyonunua mitumbani. Kutoka kwa neno hilo ndipo tunapata "mwenye kushinda" katika barua zile saba za Ufunuo. Warumi 12:21 pia: tusishindwe na ubaya, tuushinde ubaya kwa wema. Angalia kinachoshindwa pale ni ubaya, si mbaya. Na katika Yohana 16:33, Bwana anawaambia wanafunzi kwamba ameushinda ulimwengu. Aliyasema hayo lini? Usiku ule ule wa kukamatwa kwake. Msalaba ulikuwa mbele yake bado. Kwa hesabu ya mchezo, mtu anayekwenda kusulubiwa kesho amepoteza. Kwa hesabu ya mbinguni, alikuwa ameshinda, kwa sababu hakuondoka mahali pake.

Na akina mama, hili ni lenu. Mama yake Timotheo aliitwa Eunike. Ndani ya jina hilo mna "nike" ile ile: ushindi mwema. Alipigana vita gani? Biblia haituonyeshi vita hata moja. Inatuonyesha imani iliyokuwa kwa bibi Loisi, ikawa kwa Eunike, ikawa kwa mtoto (2 Timotheo 1:5). Ushindi wake ulikuwa mwana aliyesimama katika Bwana.

4. MFANO WA HAPA HAPA KILIFI

Tusiende mbali. Rabai iko katika kaunti yetu. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto mchanga. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai.

Krapf alikuwa mtu wa safari na mipango mikubwa, na afya ikamrudisha kwao. Rebmann alibaki. Mwaka 1848 alifika karibu na Kilimanjaro akaiona theluji. Alipoandika habari hiyo, wataalamu wa London walimcheka, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Akarudi Rabai. Waliookoka walikuwa wachache mno. Wa kwanza kabisa, Mringe, alikuwa mtu mlemavu, mtu ambaye hakuna kiongozi angemweka mbele kwenye picha. Rebmann akaendelea kukaa, akiandika maneno ya lugha zetu, akifundisha wale wachache. Aliondoka mwaka 1875, karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafariki.

Hesabu mwenyewe: ni miaka 29. Ukimwuliza mtu wa jakpoti atakwambia huyu hakuwin kitu. Lakini kwa Kiswahili tunasema nini? Alishinda Rabai. Alikaa mchana wake wote pale. Na sisi tunaokaa Malindi, Kilifi na Kaloleni tukisoma Neno kwa lugha tunayoielewa, tunakula matunda ya watu waliokubali kushinda namna hiyo.

5. USHUHUDA WANGU

Nisiseme ya wengine tu. Miaka kadhaa iliyopita mimi na kaka yangu mkubwa tuligombania mpaka wa shamba la marehemu baba. Ubishi wenyewe ulikuwa minazi sita. Kesi ilikwenda kwa wazee, ikapanda juu zaidi, na mwisho nikapewa haki. Jioni ile nikaandika kwenye kundi la familia kwenye simu, kwa herufi kubwa: TUMEWIN. Kaka akajitoa kwenye kundi usiku ule ule.

Tulikaa miaka mitatu hatusalimiani. Mimi nilikuwa nahubiri kila Jumapili, wapendwa. Siku moja nilimpelekea mama madafu ya ile minazi. Akayatazama, hakuyagusa. Akasema, "Mwanangu, wewe umewin minazi sita. Mimi nimepoteza mwana."

Nilirudi nyumbani nikafungua Mathayo 18, nikaona nimeihubiri mara nyingi na sijawahi kuitii. Kesho yake nilipanda matatu mpaka kwa kaka. Mkewe akanipa kiti chini ya mwarobaini, akasema mwenyewe yuko ndani. Hakutoka. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Nililetewa maji, baadaye ugali, nikala peke yangu. Nilitaka kuondoka mara tatu. Roho Mtakatifu akaniambia, kaa.

Jua lilipokuwa linashuka kaka akatoka, akasimama mlangoni, akaniangalia. Kisha akaniamkia kama mtu yeyote anavyoamkia jioni: "Umeshindaje?"

Nilishindwa kujibu. Machozi yalitoka kwanza. Nikamwambia, "Kaka, nimeshinda hapa hapa, nakungoja wewe." Hatukuzungumza minazi siku ile. Tulizungumza habari za mama. Minazi tuligawana baadaye, mitatu kwa mitatu. Kwa karatasi bado ni yangu yote sita. Lakini naweza kusema mbele za Mungu kwamba siku nilipopewa ile karatasi nilishindwa, na siku niliyokaa chini ya mwarobaini nikampata ndugu yangu.

6. TUTUMIEJE NENO HILI?

Sisemi tuache kusema "win". Lugha ni za Bwana. Mtoto akifaulu mtihani, timu ya kanisa ikichukua kombe, shangilieni! Mtume Paulo mwenyewe alitumia mfano wa mbio, maana watu wa Korintho waliijua michezo ya Isthmia iliyofanyika karibu na mji wao, ambako mshindi alivikwa taji la majani. Lakini kabla ya kusema "nimewin", jiulize mambo matatu.

Nani amelia ili mimi nicheke? Kama furaha yangu imetoka kwenye karo ya mtoto wa mwingine, hiyo si baraka, hata nikiitolea fungu la kumi.

Nimemshinda, au nimempata? Unaweza kushinda mabishano yote nyumbani ukajikuta unakula peke yako.

Je, niko tayari kushinda hapa mpaka jioni? Ndoa, kulea, uponyaji wa taratibu, biashara ndogo isiyokua haraka: haya hayana jakpoti. Yanataka mtu wa kukaa.

Na kama wewe umeshikwa na kubeti, usijifiche. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo. Futa huo mchezo kwenye simu. Pesa ya siku mkabidhi mkeo au mumeo kabla ya saa ya mechi. Njoo tuombe pamoja, na safari hii sitakuombea haraka haraka.

Yule kijana wetu nilikwenda kumwomba msamaha nyumbani kwake. Sasa anaendesha pikipiki ya mtu kwa malipo ya siku. Ni kidogo, na deni bado lipo. Lakini mtoto amerudi shule. Juzi jioni nilimkuta stejini, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamuuliza umeshindaje. Akacheka, akasema, "Nimeshinda salama, Pastor. Unga upo."

Huyo ni breadwinner. Mwambieni Amina.

MASWALI YA KUJADILI

1. Soma tena Mathayo 18:15. Yuko nani ambaye ulimshinda lakini hujampata?
2. Ni mahali gani Mungu amekuambia ukae, nawe unatafuta njia ya mkato?
3. Katika nyumba yako, ni nani anayeleta mkate kwa jasho na hajawahi kuambiwa asante?

OMBI

Baba, tusamehe tulipoita baraka kitu ambacho hukukitoa wewe. Tupe neema ya kuushinda ubaya na kuwapata ndugu zetu. Tufundishe kukaa mahali ulipotuweka mpaka jioni, na utakapotuuliza tumeshindaje, tuwe na la kukujibu. Katika jina la Yesu. Amina.